Je, wajua? Kilele cha Uhuru muda unakimbia kuliko Moshi mjini

Jirani yangu hapa Moshi ni mpagazi, juzi kashuka Mlima Kilimanjaro saa yake ya mkononi iko nyuma sekunde kama kumi, mi nikajifanya mtaalamu, "Kaka, hiyo ni Einstein, kule juu muda unabadilika."

Nimekosea mara mbili. Kwanza, hizo sekunde ni baridi tu. Saa ya betri ina kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, ukiiacha usiku kwenye hema kikapigwa na barafu kinapunguza mwendo, basi. Pili, na hii ndo iliyoniuma, Einstein anasema kinyume: ukikaa mbali zaidi na kitovu cha dunia muda unaenda HARAKA, kwahiyo kama ni yeye saa ingekuwa mbele. Tena sio saa inayokosea, ni muda wenyewe, hadi ndevu zako zimo kwenye hesabu hiyo.

Ni kiasi gani? Toka Moshi, mita kama 900, mpaka mita 5,895 kileleni, kalkuleta ya simu inanipa kama sehemu 17 za milioni moja ya sekunde, kwa mwaka mzima. Hapo baridi inameza kila kitu.

Sasa unapimaje kitu kidogo hivyo? Kumbuka redio ya babu ya kuzungusha kitufe, hujafika stesheni inakwaruza, ukipitiliza inakwaruza, pale katikati tu ndo sauti inatoka safi. Atomu ya stronti, aina ya metali, ndo stesheni, mwanga wa leza ndo kitufe, wanazungusha mpaka atomu iitike, leza ikiteleza kidogo atomu inanyamaza, wanairudisha, hivyo hivyo mchana kutwa. Masafa yake ni mitetemo kama trilioni 429 kwa sekunde, ukiihesabu una saa, na atomu hazina feki wala hazichakai.

Mwaka 2020 timu ya mwanafizikia wa Japani, Hidetoshi Katori, ilitangaza kwamba saa ya namna hii iliyopandishwa mita 450 kwenye mnara wa Tokyo Skytree iliwahi ya chini kama nanosekunde 4 (sehemu 4 za bilioni moja ya sekunde) kwa siku. 2022 maabara ya JILA, Marekani, ikaiona tofauti hiyo ndani ya milimita MOJA, yaani juu na chini ya kiwingu kimoja cha atomu!

Saa hizi hizi zinatumika kuwinda maada giza, ile isiyoonekana: wanaweka saa za atomu tofauti pamoja, kama inapita na kuzichezea zitaanza kupishana. Mpaka leo haijanaswa, wanachopata ni kujua tu kwamba inavyozichezea atomu haiwezi kuzidi kiwango fulani.

Jirani nimemrudia na masahihisho. Kasema safari ijayo saa analala nayo ndani ya slipingi begi.