Ni Mche Mmoja Tu, Mkuu: Kabla Hujaleta Mmea Wako Kwenye Mkusanyiko wa Sakulenti

Na Mkaguzi wa Afya ya Mimea, Arusha

Kila mwaka, wiki mbili tatu kabla wapenzi wa sakulenti (mimea inayotunza maji kwenye majani au shina) wa Arusha na Moshi hawajakutana kwenye bustani ya mimea, simu ya ofisini haipumziki. Mmoja anauliza kama anaweza kuja na mshubiri wake mkubwa kwa daladala. Mwingine ana shemeji anayetoka Nairobi Ijumaa, kambebea "kitu kidogo". Wa tatu hana swali. Anataka kunijulisha tu kwamba mwaka jana alipita Namanga na boksi zima na hakuna aliyemgusa. Huyu wa tatu namshukuru kwa taarifa.

Niseme mapema kwamba mkusanyiko huu tunaufurahia. Wanaokuja ni watu wanaotunza mimea yao vizuri kuliko vitalu vingi vya biashara, na wengi huitaja kwa majina ya Kilatini bila kukosea. Kwa hiyo sitazungumzia kumwagilia, wala udongo, wala kwa nini kaktasi yako inaoza wakati wa masika. Hayo mnayajua. Nitazungumzia sentensi moja ambayo nimeisikia mipakani, uwanja wa ndege na hata msibani: "Ni mche mmoja tu, mkuu."

Idadi haijawahi kuwa swali letu. Swali ni mmea umetoka wapi, na mizizini umekuja na nani.

Tuanze na mkataba unaotajwa sana na kueleweka kidogo, yaani CITES. Ulisainiwa Washington tarehe 3 Machi 1973, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 1975, na Tanzania iliingia mwaka 1979. Unasimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini au inayoweza kufika huko. Neno la kushika hapo ni "kimataifa". Ukimpa mwenzako wa Tengeru chipukizi ulilolizalisha kwenye kibaraza chako cha Njiro, CITES haina habari na wewe. Chipukizi hilohilo likivuka mpaka, habari inaanza, hata kama hujalipwa senti. Zawadi kwa shangazi inahesabika.

Kaktasi karibu zote zimo kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba huo, na chache zimo kwenye cha I, chenye masharti makali zaidi. Mishubiri yote imo, isipokuwa mmoja: alovera. Hapa ndipo subira yangu hupungua kila mwaka. Kwa kuwa alovera imeachwa nje, kila mshubiri unaofika mezani kwangu umeandikwa "alovera". Mshubiri uliochimbwa Longido ni "alovera". Mshubiri wenye shina linalompita mtu kimo ni "alovera". Jamani, alovera inatoa maua ya manjano na huzaa machipukizi mengi pembeni. Ile mnayoiona imejaa kwenye nyika kati ya Arusha na Namanga, yenye maua mekundu yaliyoelemea upande mmoja wa tawi, aghalabu ni Aloe secundiflora, na hiyo imo kwenye Kiambatisho cha II. Kuandika jina lisilo sahihi kwenye fomu ni kosa linalojitegemea, hata kama mmea wenyewe ungepata kibali bila shida.

Minyaa nayo imo. Karibu sakulenti zote za jenasi ya Euphorbia zimetajwa, bila kuusahau mnyaa wetu wa uani, ule wa maziwa makali yanayochoma macho. Wamaasai wanauita emanyara, na ndiko Ziwa Manyara lilikopata jina. Kwa hiyo uzio wa boma la babu yako umo kwenye orodha ya kimataifa. Tafadhali msinipigie simu kuhusu uzio. Ukibaki hapo ulipo hauhitaji kibali cha mtu. Ukikata kijiti na kukipeleka Ujerumani, kinahitaji.

Mbegu zina utaratibu wake. Kwa mishubiri ya Kiambatisho cha II, mbegu haziguswi na CITES. Za Kiambatisho cha I zinaguswa. Ila zote mbili, zikivuka mpaka, zinaguswa na sheria ya afya ya mimea, ambayo ni jambo jingine kabisa. Watu wengi huchanganya mawili haya, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kibali cha CITES kinajibu swali la asili ya mmea. Kwetu hutolewa chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Kibali cha kusafirisha nje hudumu miezi sita tu tangu kitolewe, na ndani yake kuna kisanduku kinachojazwa herufi moja inayoonyesha chanzo. W ni mmea uliotoka porini. A ni mmea uliooteshwa na binadamu kutoka kwa mmea mama aliyepatikana kihalali. Maneno hayo ya mwisho, "aliyepatikana kihalali", ndiyo yanayowaangusha wengi. Ukichimba mshubiri hifadhini, ukauotesha nyumbani na kuzalisha watoto hamsini, wale watoto hawageuki A kwa sababu walizaliwa kwenye kopo lako. Ile ruhusa ya kusafiri na vitu binafsi bila kibali haihusu mimea hai, kwa hiyo kuweka mche kwenye begi la nguo hakuufanyi kuwa nguo.

Cheti cha afya ya mimea kinajibu swali la wadudu na magonjwa, nacho hutolewa na nchi mmea unakotoka. Huku kwetu mamlaka inayohusika ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 na yenye makao yake hapa Arusha. Wazee bado wanasema "TPRI", jina la taasisi ya zamani, na tunaitika. Utaratibu wa kuingiza mmea ni huu, na mpangilio wake ndio wenyewe: unaomba kwanza kibali cha kuingiza mmea, ukitaja jina kamili la kisayansi, idadi, nchi unakotoka na kituo utakachoingilia. Kibali kinaorodhesha masharti, kwa mfano mizizi iwe mitupu bila udongo. Unakituma kwa muuzaji. Muuzaji anakipeleka kwa wakaguzi wa nchi yake, wanakagua mmea kwa masharti hayo, wanatoa cheti. Mmea unasafiri na cheti halisi. Ukifika, unajitokeza kwa mkaguzi, naye anafungua, anaangalia, anaruhusu au anazuia. Anayenunua kwanza mtandaoni kisha akaja kuomba kibali mzigo ukiwa tayari uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) ameanza safari kwa kurudi kinyumenyume, na hatuna fomu ya kumsaidia.

Mzigo usio na karatasi unazuiwa, na mwenyewe anapewa hati ya kuzuiwa. Hutakiwa kuurudisha ulikotoka kwa gharama zake, la sivyo unateketezwa, nako gharama zinaweza kumwangukia yeye. Kosa likifika mahakamani linaweza kuishia kwenye faini au kifungo. Sipendi kuteketeza mimea. Niliwahi kusimamia uteketezaji wa boksi la kaktasi zenye maua, na mhusika alikuwa amesimama pembeni akizitaja moja moja kwa majina. Lakini sikuwa na namna.

"Lakini Kenya ni Afrika Mashariki." Naam. Na kidung'ata, yule mdudu mweupe kama unga anayenyonya mimea, naye ni Mwafrika Mashariki. Kituo cha pamoja cha Namanga kimerahisisha foleni; masharti ya afya ya mimea yako palepale. Hali ni hiyohiyo Holili na Tarakea.

Nimesema mizizini mmea umekuja na nani. Udongo ndio tunaouogopa kuliko jani. Vidung'ata vya mizizini hukaa chini ya chungu kama unga mweupe, na mwenye mmea hugundua baada ya miezi, wakati tayari ameshagawa watoto kwa nusu ya wanachama. Kuna minyoo fundo, inayotia mizizi mafundo na isiyoonekana kwa macho. Kuna mbegu za magugu: wakazi wa Arusha wanalijua gugu karoti, na jinsi lilivyoshika kando za barabara na kuwasha ngozi za watu. Kiganja cha udongo kinatosha kulihamisha.

Kwa upande wa mishubiri, mwaka huu naomba tuangalie kwa makini uvimbe. Ukiona majani au shina la ua limeota vinundu vya kijani vilivyojikunja, kama koliflawa, huo ni utitiri wa mshubiri. Si aina mpya, na nasema hivi kwa sababu nimeshawahi kuuziwa mmea wa namna hiyo kama "adimu". Utitiri wenyewe ni mdogo kiasi kwamba upepo unaubeba. Unakata sehemu yote iliyovimba kwa kisu safi, unaiweka kwenye mfuko uliofungwa, kisha unaichoma. Usiitupe kwenye mboji. Mmea uliobaki ukae peke yake, na msiulete bustanini hata kama umeshaulipia nauli.

Mipungate nayo isigawiwe kwenye meza ya kubadilishana. Najua inaota bila kusumbua, na ndilo tatizo lenyewe. Laikipia, nchini Kenya, wafugaji wamepoteza malisho kwa Opuntia stricta, na mifugo inaumizwa na miiba midogo ya matunda yake. Huko wamelazimika kuleta mdudu maalumu wa kuila. Kipande kimoja kikidondoka chini kinashika.

Sasa porini. Mshubiri mrefu wa Kilimanjaro, Aloe volkensii, una jina la Georg Volkens, Mjerumani aliyefanya utafiti wa mimea mlimani miaka ya 1890. Tangu siku hizo watu wamekuwa wakija na majembe. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna cha kung'oa, kikubwa wala kidogo. Hifadhi ya msitu iko chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kwenye ardhi ya kijiji, nenda kwa serikali ya kijiji. Mchungaji uliyempa elfu mbili akakuonyesha mmea si serikali ya kijiji. Tunao mshubiri mwingine, Aloe dorotheae wa upande wa Handeni, ambao majani yake hugeuka mekundu kama kaa la moto ukiuweka juani. Umejaa kwenye vitalu vya Ulaya na Marekani, lakini porini umebaki mahali padogo mno. Mwenye kuutaka aupate kitaluni. Kuuchimba ni kuwanyang'anya wajukuu.

Anayedhani wizi wa namna hii ni mambo madogo, mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata kaktasi zaidi ya 1,000 za jangwa la Atacama, Chile, nyumbani kwa mkusanyaji mmoja. Nyingine zinakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka mia. Zaidi ya 800 zilirudishwa Chile mwaka uliofuata. Na Afrika Kusini, tangu karibu mwaka 2019, vimea vidogo kama kokoto vimekuwa vikichimbwa kwa magunia kwa ajili ya wanunuzi wa mitandaoni. Hao wanunuzi nao walikuwa wakinunua mmoja mmoja tu.

Wenzetu wa bustani ya Huntington, huko San Marino, California, wanalo shamba la mimea ya jangwani lililoanza mwaka 1907, na wamekuwa na utamaduni wa kuwakutanisha wapenzi wa sakulenti kwa mihadhara na mauzo. Kinachonivutia kwao ni mpango wao wa kusambaza mimea mipya: kila mmea una namba, na namba ina maelezo ya mahali mmea mama ulipokusanywa, na nani. Kinachouzwa ni watoto waliozalishwa kitaluni. Mkusanyaji wa kweli anathamini namba hiyo kuliko ua. Sisi tunaweza kuanza na kijiti cha aiskrimu na kalamu isiyofutika: jina, ulipoupata, mwaka. "Nilipewa na mama mkwe, Marangu, 2019" inatosha.

Hapo kwenye majina, mmoja wenu aliniuliza kuhusu Sansevieria, ile ya majani yaliyosimama kama panga ambayo haikosekani siku hizi kwenye mapokezi ya hoteli. Uchunguzi wa vinasaba umeifanya ihamishiwe kwenye jenasi ya Dracaena. Maana yake, kwa ndugu zangu wa Moshi, ni ukoo mmoja na masale, yale yale ya mpakani na ya kuombea msamaha. Yule Mchagga aliyekuwa akiicheka mimea ya mke wake sasa ana kazi ya kujieleza.

Siku ya mkusanyiko meza yetu itakuwa langoni, kushoto, kabla ya meza ya kubadilishana. Njooni kwanza kwetu. Mmea utoke kwenye chungu, mizizi ioshwe, ufungwe kwenye gazeti. Mifuko ya plastiki inauozesha mmea, na ile ya kubebea mnajua imepigwa marufuku tangu 2019. Wenye karatasi za mpakani waje na halisi, picha ya simu haitatosha. Na yule bwana wa boksi la Namanga, kama anasoma, aje mapema kabla foleni haijawa ndefu.