Je, Wajua? Fedha za Maharamia Zilisaidia Kuanzisha Chuo cha Kasisi

Chuo cha William and Mary, jimboni Virginia, ni cha pili kwa ukongwe Marekani baada ya Harvard. Kilianzishwa mwaka 1693, Virginia ikiwa bado koloni la Uingereza, na aliyekihangaikia ni kasisi Mskoti, James Blair. Mtu wa madhabahuni alifikaje kugusa fedha za maharamia?

Blair alikuwa mbishi tangu ujana. Kwao Uskoti alipoteza parokia kwa kukataa kula kiapo cha serikali kilichompa mfalme ukuu juu ya kanisa, wakati mrithi wa kiti hicho alikuwa Mkatoliki. Mwaka 1685 akahamia Virginia, na miaka miwili baadaye akamwoa Sarah Harrison, binti wa ukoo wenye mali. Inasimuliwa kwamba bibi harusi alipotakiwa kuahidi kumtii mumewe alikataa mara tatu, na ibada ikaendelea bila ahadi hiyo. Mbishi kapata mbishi mwenzake.

Mwaka 1691 viongozi wa koloni walimtuma London kuomba hati ya kifalme ya kuanzisha chuo. Mfalme William wa Tatu na Malkia Mary wa Pili walimkubalia, ila hazina haikuwa na haraka. Blair alipoeleza kwamba hata watu wa Virginia wana roho za kuokolewa, inasemekana mkubwa mmoja wa hazina alimjibu kwa matusi: roho zao zilaaniwe, walime tumbaku!

Bahati ikaletwa na wahalifu. Edward Davis, Lionel Wafer na John Hinson walikuwa wamekamatwa Virginia mwaka 1688 wakiwa na shehena ya fedha na vitu vya thamani. Davis alikuwa nahodha aliyewaandama Wahispania katika pwani ya Pasifiki ya Amerika Kusini. Wafer alikuwa tabibu wa meli. Watatu hao walidai kwamba wanastahili msamaha wa mfalme, na kesi yao ikawafikisha London, wakihangaika kurudishiwa mali yao. Blair akaiona nafasi. Mwaka 1692 iliamuliwa warudishiwe, isipokuwa pauni 300 ziende kwenye chuo. Wenye mali halisi, yaani Wahispania walioporwa, hakuna aliyewauliza.

Pauni 300 peke yake hazijengi chuo. Hati ya Februari 1693 iliongeza karibu pauni 2,000 kutoka kodi za ardhi za mfalme, ekari 20,000, na ushuru wa peni moja kwa kila ratili ya tumbaku iliyouzwa kutoka Virginia na Maryland kwenda makoloni mengine. Kwa maoni yangu, huo ushuru unastahili kutazamwa kuliko maharamia, maana tumbaku hiyo ilizidi kulimwa na Waafrika waliotiwa utumwani, na baadaye chuo chenyewe kilimiliki watumwa.

Hati hiyo ilimfanya Blair mkuu wa chuo maisha yake yote. Jengo liliungua mwaka 1705, likajengwa upya. Magavana watatu waliogombana naye, Andros, Nicholson na Spotswood, waliondoka mmoja baada ya mwingine, na mkono wake ulikuwamo. Yeye alibaki kitini miaka 50, hadi alipofariki Aprili 1743, akikiachia chuo maktaba yake.