Ufafanuzi: Si kweli kwamba utafiti wa watu chini ya 30 haufai

Kuna ujumbe unaozunguka kila mwaka kwenye magrupu ya wanafunzi: "Utafiti wenye watu chini ya 30 ni batili. Mahojiano ni porojo tu." Wengi huupokea siku chache kabla ya kuwasilisha pendekezo la utafiti, wakataharuki.

Hiyo 30 ni kanuni ya kukadiria tu katika takwimu, inayohusu wastani wa sampuli, yaani kikundi kidogo kinachochaguliwa kuwakilisha wengi. Hata huko si sheria. Utafiti wa kimaelezo, ule unaotegemea mahojiano na maelezo ya watu badala ya takwimu, hauulizi "wangapi?" bali "kwa nini?" na "vipi?". Hojaji itakuonyesha wagonjwa wangapi wameacha dawa. Mahojiano ya saa nzima ndiyo yatakayokuambia kwamba mmoja wao huzificha ndani ya soksi, asije akaulizwa na anayeishi naye. Hapo watafitiwa huteuliwa kwa makusudi, na mara nyingi mtafiti husimama pale majibu mapya yanapokuwa hayaongezi jambo. Wanaweza kuwa 12, wanaweza kuwa 40.

Ukitaka kuhakiki utafiti wa aina hii, fungua sura yake ya mbinu. Watafitiwa waliteuliwaje? Kwa nini mtafiti aliishia hapo? Mtafitiwa aliyepingana na wenzake amesikika? Ila mtafiti akihoji watu 12 kisha akatangaza asilimia za nchi nzima, mkatae. Hapo ujumbe ule una chembe ya ukweli, na ndiyo maana unaaminika.

Ukiupokea tena, tafadhali usiusambaze. Mwulize aliyeutuma: 30 kwa swali gani?