Faili yatima za spuli si foleni

Seva ya barua pepe ikijaza diski, ushauri ni ule ule: "Foleni imejaa, safisha foleni." Mtu anaandika mailq, amri ya kuonyesha foleni, anaona patupu. Anafungua /var/spool/exim4/input, saraka ya spuli, anakuta faili kibao. Basi anasema mailq ni mbovu. Mailq haina kosa.

Spuli ni saraka ya kwenye diski ambamo seva hutunza barua ilizopokea hadi zifike ziendako. Foleni ni zile barua kamili zinazosubiri kupelekwa. Faili yatima ni kipande kilichobaki bila mwenzake, kwa hiyo hakifanyi barua.

Tuichukue Exim, programu mojawapo ya seva ya barua pepe. Kila barua ina faili mbili zenye namba moja: 1rXk2a-0004Tb-7Q-D hubeba mwili, na ile ya -H hubeba vichwa pamoja na bahasha, yaani mtumaji na wapokeaji. Faili ya -D huandikwa barua ikiwa bado inaingia. Ile ya -H huja mwishoni kabisa, tena kwa jina la muda kwanza. Na Exim ikitaka kujua foleni ina nini, hutafuta -H tu. Kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kupokea, -D hubaki peke yake: mailq haiioni, na hata ukingoja mwezi mzima Exim haitajaribu kuipeleka popote.

Je, barua ya mteja ndiyo imepotea? Mara nyingi hapana. Kwa kanuni za SMTP, itifaki ya kutuma barua pepe, anayepokea anabeba dhamana pale tu anapojibu 250, yaani "nimepokea", baada ya barua kuisha. Kama jibu halikutoka, aliyetuma bado ana nakala na atarudi kujaribu. Hakikisha kwa exigrep, zana ya kutafuta kwenye mainlog, kumbukumbu kuu ya Exim: ukikuta mstari wa <= (barua imepokelewa) wa namba hiyo bila Completed (imekamilika), barua ilikubaliwa na -H imepotea baadaye, pengine fsck, zana ya kurekebisha diski, ilipopita. Faili hiyo ya -D usiiguse; mwili wake unasomeka, kasoro mstari wa kwanza ambao ni jina la faili tu.

Halafu kuna faili ya -J, ambayo wengi huifagia kwa sababu ni ndogo na inaonekana kama takataka. Huandikwa humo anwani zilizokwisha kupelekewa katika jaribio linaloendelea. Mashine ikizima kabla -H haijasasishwa, Exim huisoma -J ili isirudie. Ukiifuta huku -H ipo, kuna mtu atapata barua ile ile mara mbili, na lawama ni zako.

Kwa hiyo mwenzako akisema "safisha foleni", muulize kwa upole anataka nini. Akitumia exim -Mrm, amri ya kuondoa barua kwenye foleni, anafuta barua hai ambazo kuna watu wanazisubiri. Kama shida ni yatima, atafute -D zisizo na -H zilizozidi siku nzima. Ya dakika tano zilizopita aiache, huenda ni kiambatisho kizito ambacho bado kinaingia.