Hosteli za Njia Ndefu za Watembeaji: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika vikundi vya matembezi vya Dar es Salaam, vile vinavyokutana alfajiri ya Jumamosi kwenye Daraja la Tanzanite au kwenda kushinda kutwa katika msitu wa Pugu, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye njia ndefu za ng'ambo na swali la pa kulala kwa bei nafuu. Mwaka 2023, YHA, shirika la hisani linaloendesha hosteli za Uingereza na Wales, lilitangaza kuuza hosteli 20 kwa mpigo, na si mara ya kwanza kwa shirika hilo kupunguza majengo yake. Kuhusu sababu na matokeo ya upungufu huo husemwa mengi, na sehemu kubwa ya yanayosemwa haihimili uchunguzi.

Dhana: "Zinafungwa kwa sababu watu hawatembei tena."

Watembeaji wapo. Mwaka 2023 ofisi ya mahujaji ya Santiago de Compostela, mji wa Hispania ambako njia ndefu za mahujaji huishia, ilitoa vyeti zaidi ya 440,000 kwa waliofika mjini humo, wengi wao kwa miguu. Kinachopungua ni uwezo wa jengo moja la milimani kujilipia gharama zake. Hosteli nyingi za vijijini Uingereza zimo katika majengo ya kale yaliyojengwa kwa kazi nyingine, kama vile vinu, shule na nyumba za wachungaji wa kondoo, ambayo kuyapasha joto ni ghali na kuyakarabati ni ghali zaidi. Wageni huja kwa wingi miezi michache, ilhali matengenezo hayana msimu.

Isitoshe, mtembeaji wa masafa marefu ni mgeni mwenye gharama kuliko wengine, jambo ambalo sisi tunaotembea hatupendi kulikiri. Analala usiku mmoja tu, na asubuhi shuka zake zifuliwe na kitanda kitandikwe upya kwa ajili ya mwingine, wakati kundi la wanafunzi linalokaa siku nne hulipia siku zote nne kwa ufuaji mmoja. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo ulisababisha njia za mashambani zifungwe, na mapato ya hosteli yakaanguka. Mwaka 2020 ikaja korona, na mwaka 2022 bei za nishati zikapanda. Shirika lililopita katika mapigo hayo huuza majengo yanayoingiza kidogo ili kuyaokoa yanayoingiza zaidi, na kwa hesabu ya vitabu vyake halikosei. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo hulipima kila jengo peke yake.

Dhana: "Ikifungwa moja, zimebaki nyingine."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu linaichukulia hosteli ya njiani kama gesti ya Kariakoo, ambayo ikijaa unavuka barabara na kubisha hodi mlango wa pili. Mwanzilishi wa wazo lenyewe, mwalimu Mjerumani Richard Schirrmann, alilipata mwaka 1909 aliponaswa na dhoruba akiwa matembezini na wanafunzi wake. Alitaka pawe na malazi yaliyoachana kwa mwendo wa siku moja wa miguu. YHA, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilifuata mpango huohuo: malipo yalikuwa shilingi moja ya Kiingereza kwa usiku, mgeni alitakiwa kushiriki usafi na kazi ndogondogo, na aliyekuja kwa gari hakupokelewa. Kufikia mwaka 1939 hosteli hizo zilikuwa zimekaribia 300. Thamani ya kila moja ilitokana na zile zilizoitangulia na zile zilizoifuata.

Mtu mwenye mzigo mgongoni hutembea kilomita 20 hadi 25 kwa siku katika nchi ya milima. Ukiondoa kituo kimoja katikati ya viwili, siku mbili za kawaida hugeuka siku moja ya kilomita 40 au zaidi, na wengi hawaiwezi. Mwenye fedha ataita teksi impeleke hotelini na kumrudisha kesho yake. Asiyenazo ataiacha njia nzima, na kwa hiyo hosteli zilizobaki, ambazo hazikuuzwa wala hazina kasoro, nazo hupoteza mgeni. Pennine Way, njia ya kilomita 430 hivi iliyofunguliwa mwaka 1965 kutoka Edale, Uingereza, hadi Kirk Yetholm, Uskoti, huchukua takriban wiki mbili hadi tatu, na mapengo machache tu katika mlolongo wa malazi yanatosha kuibadilisha bajeti yote ya msafiri.

Hatuna haja ya kwenda mbali ili kulielewa jambo hili. Anayetembea milima ya Usambara kutoka Lushoto hadi Mtae mara nyingi hulala kwa masista wa Rangwi. Pakikosekana mahali pale, kufika Mtae kwa miguu bila hema kunakuwa jambo tofauti kabisa, hata kama gesti za Lushoto zote ziko wazi. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji nayo ilipanga vituo vyake kwa kutazama maji, chakula na mwendo wa siku. Kituo kilichokosa chakula kilivuruga safari ya waliokuwa nyuma pia.

Dhana: "Mwenye hema hana shida."

Nadhani dhana hii ina nguvu kwetu kwa sababu ya Kilimanjaro. Mlimani kule, njia ya Marangu pekee ndiyo yenye vibanda vya kulala, yaani Mandara, Horombo na Kibo. Katika njia nyingine wapandaji hulala kwenye mahema. Lakini mahema hayo, pamoja na vyakula na majiko, hubebwa na wapagazi, na mara nyingi mpandaji hufika kambini akakuta hema lake limeshasimikwa. Mtembeaji wa Pennine Way hubeba vyote mwenyewe, na baada ya siku tatu za mvua hana mahali pa kukaushia chochote. Chumba cha kukaushia nguo na viatu, ambacho karibu kila hosteli ya milimani Uingereza inacho, kina thamani sawa na kitanda.

Kuna pia suala la sheria. Katika sehemu kubwa ya Uingereza na Wales hairuhusiwi kupiga hema porini bila idhini ya mwenye ardhi. Dartmoor, eneo la nyika kusini-magharibi mwa Uingereza, ni tofauti, na hata huko haki hiyo ilibidi ithibitishwe na Mahakama ya Juu mwezi Mei 2025 baada ya kesi ndefu. Uskoti ina sheria yake ya mwaka 2003, iliyo na ukarimu zaidi kwa mtembeaji.

Dhana: "Ikiuzwa, mwekezaji mwingine ataiendeleza."

Hutokea. Hosteli ya Kirk Yetholm, mahali Pennine Way inapoishia, iliwahi kuwa ya shirika la hosteli la Uskoti na baadaye ikaendelea kupokea wageni ikiwa chini ya jumuiya nyingine ya wapenda matembezi. Nyingine huwa nyumba za watu binafsi au za mapumziko. Lipo pia tokeo la tatu, ambalo takwimu za kufungwa haziliwezi kulionyesha: jengo hubaki hosteli, lakini hukodishwa lote kwa kundi moja, kwa hiyo mtu aliyefika peke yake jioni akiwa ameloa huambiwa kwamba vitanda vyote 30 ni vya familia iliyolipa wiki nzima.

Dhana: "Hosteli ni za vijana na wanafunzi."

YHA haina ukomo wa umri kwa juu, na wastaafu ni miongoni mwa wanaotembea njia hizi kwa wingi, kwa kuwa ndio wenye wiki mbili au tatu za kutumia.

Dhana: "Ni hali ya dunia nzima, haizuiliki."

Norway ina chama cha watembeaji kilichoanzishwa mwaka 1868 na chenye vibanda zaidi ya 500, vingi vikiwa havina mhudumu: mwanachama hufungua kwa ufunguo wake, hujipikia na hulipa kwa uaminifu. New Zealand ina vibanda zaidi ya 900 chini ya idara ya serikali ya uhifadhi. Uskoti ina nyumba za wazi za milimani zinazotunzwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 1965, bila malipo, bila umeme na mara nyingi bila kitanda. Katika nchi hizo zote kuna mtu mwingine, awe mlipakodi, mwanachama au mwenye kujitolea na nyundo yake, anayebeba gharama ya paa ili kitanda kisiulizwe kama kimejilipa.

Hispania imekwenda hatua nyingine. Kando ya njia za Santiago, manispaa, parokia na watu binafsi huendesha nyumba za mahujaji zenye vitanda vya dabodeka, na baadhi hupokea kiasi chochote mgeni anachoweza kutoa. Hata hivyo, msafiri wa Dar es Salaam asidhani kwamba unafuu huo unamfikia kwa urahisi. Nyumba za manispaa na zile za michango kwa kawaida hazipokei oda ya mapema. Anayewahi ndiye anayelala. Viza ya Schengen, inayoombwa huku Dar kwenye ubalozi wa Hispania, hudai uthibitisho wa malazi kabla ya safari. Mwombaji kutoka huku hulazimika kuweka oda katika hosteli binafsi za bei ya juu zaidi, na kuamua kabla ya kupanda ndege atatembea kilomita ngapi kila siku.