«Kweli itawaweka huru» haikusemwa kuhusu bendera

Kila Desemba, Tanzania Bara ikikumbuka tarehe 9 mwaka 1961 na Kenya tarehe 12 mwaka 1963, mstari wa Yohana 8:32, «kweli itawaweka huru», husikika sana. Wengi huamini kwamba hapo Yesu alizungumzia taifa kujikomboa kutoka kwa mkoloni. Si ajabu: neno ni lile lile, uhuru.

Ili kuhakiki, fungua Biblia yako usome kuanzia mstari wa 31 hadi 36, usiishie kwenye ule mmoja. Wasikilizaji wanajibu kwamba wao ni uzao wa Abrahamu na hawajawahi kuwa watumwa wa mtu. Nao wanayasema hayo Yudea ikiwa chini ya Roma! (Na Misri, walikokuwa watumwa babu zao, je?) Yesu hagusii Roma hata kidogo. Anasema kila atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema Biblia haijali uhuru wa nchi. Kitabu cha Kutoka kinaanza na watu wanaofyatua matofali kwa kulazimishwa, na Mungu anayesikia kilio chao. Mambo ya Walawi 25 inaagiza mwaka wa 50 kutangazwa uhuru nchini kote: mtu arudi kwenye ardhi yake, aliyejiuza kwa umaskini aachiliwe. Kwa maoni yangu, mhubiri wa sikukuu ya uhuru angeanzia hapo, kwenye mashamba na madeni.