Faiba haiozi, na mengine yanayosemwa mwaloni

Ukitembea mialo ya Mwanza, yaani vituo vya boti ufukweni, Kirumba mpaka Igombe, hutakosa kuona boti ya faiba iliyolazwa kifudifudi, rangi imepauka, kuku wanataga chini yake. Mwenyewe anaiuza kwa bei ya kutupa. Mnunuzi anakuja na hesabu zake: msasa kidogo, rangi mpya, mashine ya mkopo, na Jumapili anawapeleka watoto kisiwa cha Saanane.

Ushauri atakaopewa utatoka kwa watu wa aina mbili, aliyewahi kufanya kazi pwani na fundi wa bodi za magari. Wote wana ujuzi wao, siwabezi. Lakini ziwa si bahari, na boti si gari. Nimeona boti nzuri zikimalizwa na ushauri ambao kwingineko ungekuwa sahihi kabisa.

"Faiba haiozi"

Nyuzi za glasi zilizoshikwa na rezini (gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu) kweli haziozi. Ila boti nyingi za zamani si faiba tupu. Kata tezi, pale nyuma mashine inapofungwa, utakuta plaiwudi iliyofunikwa faiba mbele na nyuma. Sakafu mara nyingi ni plaiwudi pia, na mataruma yanayoibeba ni mbao zilizovishwa faiba. Tezi inapata nguvu pale ubao wa ndani unapokuwa mzima na umeshikana na faiba ya pande zote mbili. Ubao ukioza, unabaki na makoti mawili membamba yanayobeba mashine ya kilo themanini inayosukuma kwa nguvu zake zote.

Maji huingia kwenye matundu ya bolti za mashine, kwenye tundu la kizibo cha chini, au kwenye skrubu ya kitu ambacho hakipo tena. Mtu alitoboa, akafunga bolti, akapaka silikoni ya madirisha, akaondoka. Silikoni ikaachia, maji yakapenya kidogo kidogo, na kwa kuwa faiba imefunika huku na huku, hayana pa kutokea. Kuvu wanaoozesha mbao wanataka unyevu, hewa na joto. Ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20 hauozi, lakini ule uliofungiwa maji ndani ya faiba hauwezi kushuka hapo. Joto Mwanza tunalo mwaka mzima.

Kupima hakuna gharama. Chukua nyundo ya plastiki au mpini wa bisibisi ugonge tezi kuanzia juu ukishuka. Penye uzima panalia mlio mkali, mfupi. Palipooza panajibu kwa mlio mzito uliofifia, na tofauti utaisikia hata kama hujawahi kushika boti. Kama mashine bado imefungwa, inamishe, shika mguu wake uusukume juu na chini huku mwenzako akitazama tezi. Ikicheza, jibu umepata.

Ukibaki na shaka, toboa kwa ndani, sehemu ya chini karibu na kizibo, kwa biti ya milimita 4 au 5, usivuke mpaka nje. Kisha angalia kinachotoka. Unga mkavu wa rangi ya mbao, unaopeperuka ukiupuliza, ni wa ubao mzima. Unga wa rangi ya kahawa unaoganda kwenye biti na kunuka majani yaliyolowa, ubao umekwisha. Kuna boti ambazo hazitoi unga wowote, zinatoa maji, na yanaendelea kutiririka wakati wewe umeshaweka drili chini na kuanza kufikiria pesa.

Hapo hatakosekana wa kukuambia utoboe matundu mengi, ukaushe kwa jua, umimine rezini nyepesi inyonywe na ubao. Ubao uliolowa haunyonyi rezini, na uliooza hauna tena nyuzi za kushika bolti. Dawa ni kukata. Unaondoa faiba ya ndani, ya nje unaiacha iwe kalibu, unachimba ubao wote mpaka ufike kwenye faiba ngumu, unasaga na kuacha pakauke. Ubao mpya ni plaiwudi ya majini, mara nyingi vipande viwili vya milimita 18 vilivyogandishwa pamoja, kufuata unene wa ule wa zamani. Unaulaza kwenye rezini nzito, unaubana, kisha unajaza kona zote kwa rezini iliyokorogwa na unga wa silika mpaka ziwe mviringo, maana nyuzi za glasi hazikubali kukunjwa kwenye kona kali. Baada ya hapo ndipo tabaka za faiba zinapanda kutoka tezi kuelekea ubavuni na chini, kila moja pana kuliko iliyotangulia.

Matundu ya bolti ndiyo yatakayoamua kama kazi hii itarudiwa. Toboa tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi nzito (epoksi ni aina mojawapo ya rezini), na ikishakauka toboa tena katikati kwa saizi ya bolti. Sasa bolti inapita ndani ya epoksi na haigusi ubao kabisa. Hata kizibio chake, yaani gundi ya kuzuia maji, kikiachia, maji hayapati pa kuanzia. Kizibio chenyewe kiwe cha poliyurethani cha kazi za boti. Hiyo silikoni iache madirishani.

"Maji ya ziwa ni laini, boti zinauliwa na chumvi"

Chuma kinauliwa na chumvi. Mbao, mambo ni kinyume: chumvi huwazuia kuvu. Wajenzi wa meli za mbao za zamani walikuwa wakijaza chumvi makusudi katikati ya mataruma ili mbao zisioze. Maji ya Ziwa Victoria ni maji baridi, na ya mvua ndiyo yale yale. Boti iliyoachwa wazi bila turubai masika yote inaoza ikiwa nchi kavu. Kama huitumii, toa kizibo, nyanyua omo (mbele ya boti) juu ya matofali, funika kwa juu na uache upepo upite pembeni.

Malengelenge kwenye faiba nayo yanapenda maji baridi. Maji hupenya jelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, polepole yakifuata kemikali zilizobaki ndani ya rezini, na yakiwa hayana chumvi huvutwa kwa nguvu zaidi. Ukitoboa lengelenge utaona majimaji yenye harufu kama ya siki (vaa miwani, yanaweza kuruka). Boti inayopandishwa nchi kavu kila jioni haina sababu ya kuogopa haya. Inayoelea miezi yote, hiyo iangaliwe. Na malengelenge machache madogo si hukumu ya kifo. Unayafungua, unayakausha vizuri, unayajaza epoksi.

Upande wa pili, ziwani hatuna chaza wanaong'ang'ania chini ya boti wala minyoo ya baharini inayotoboa mbao. Kwa hiyo ile rangi ya gharama yenye shaba, ya kuzuia viumbe wa baharini, hapa ni pesa imetupwa, na shaba si rafiki wa samaki. Utelezi wa kijani unaondoka kwa brashi. Vilevile vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye mashine ili viliwe na kutu badala yake ni vya maji ya chumvi. Maji baridi hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo zinki inajifunika utando na kukaa bure. Ziwani inatakiwa magnesi, au walau aluminiamu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

"Bodi fila ya gari inatosha"

Kwa mkwaruzo wa juu karibu na ukingo, sawa. Chini ya mstari wa maji, hapana. Bodi fila ni poliesta (aina nyingine ya rezini) iliyochanganywa na unga wa talki, na inanyonya maji. Bodi ya gari haikai ndani ya maji, wala haipigwi na mawimbi saa mbili mfululizo kutoka Mwanza kwenda Ukerewe.

Tundu linazibwa kwa faiba, na kinachoshika ni mteremko. Kanuni ya mafundi wengi ni kumi na mbili kwa moja: faiba ya milimita 5 inasagwa mteremko wa sentimita 6 kuzunguka tundu lote. Ukiona mteremko huo kwa mara ya kwanza utadhani fundi anaiharibu boti. Akiziba tundu bila kusaga, ameweka kiraka kinachosubiri kubanduka.

Kuhusu gundi, boti nyingi za zamani ni za poliesta. Epoksi inashika vizuri juu ya poliesta kuukuu. Poliesta juu ya epoksi iliyokauka haishiki hivyo, kwa hiyo ukianza na epoksi, maliza na epoksi. Na usitumie ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa pamoja na epoksi: kinachoshikanisha nyuzi zake kimetengenezwa ili kiyeyuke kwa staireni iliyomo kwenye poliesta. Kwa epoksi nunua kitambaa kilichofumwa. Na kwa kuwa epoksi inaliwa na jua, lazima ipakwe rangi.

"Ongeza hadena ikauke upesi"

Hili ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko yote, na lina madhara hata kwa mtu.

Poliesta inataka hadena, dawa ya kuigandisha, kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja. Ndani ya mipaka hiyo unaruhusiwa kucheza kufuata joto. Mchana wa Mwanza, kwenye nyuzi joto 28, kaa karibu na gramu 10. Ukizidisha sana, inapata joto, inapasuka na kuwa dhaifu. Ukipunguza mno, haitakauka kamwe. Epoksi haina mchezo huo hata kidogo. Kipimo chake ni kile kilichoandikwa kwenye kopo, na hadena ya ziada inabaki ndani bila kazi na kuilegeza. Nunua mizani ndogo ya jikoni, uache kupima kwa kizibo cha soda.

Rezini ikikaa nyingi kwenye ndoo inajipasha yenyewe mpaka itoe moshi. Changanya kidogo, mimina kwenye beseni pana, paka. Ukiona inaanza kuwa kama uji ulioganda, itoe nje mahali pa wazi, usijaribu kuiokoa.

Poliesta ya kawaida ikibaki inanata kwa juu, usikimbilie kusema imeharibika. Hewa huizuia kukauka usoni, na kwa tabaka linalofuata kunata huko ni faida. Tabaka la mwisho ndilo linalotiwa nta ili likauke kabisa.

Pia angalia saa. Mtu anaanza asubuhi kwa sababu kuna ubaridi. Lakini jua likipanda, hewa iliyomo kwenye ubao inapanuka na kusukuma vipovu ndani ya rezini mbichi. Ni afadhali kuanza mchana ukipungua, chini ya kivuli, wakati ubao unapoa.

Ukiuziwa kobalti kando, ile dawa ya zambarau ya kuharakisha poliesta kukauka, kumbuka jambo moja: kobalti na hadena zisikutane zenyewe hata tone. Zikikutana zinaweza kuwaka au kulipuka. Kobalti inakorogwa ndani ya rezini mpaka iishe kabisa, ndipo hadena ifuate. Hadena hiyo ikiruka machoni inaweza kupofusha, kwa hiyo miwani ni lazima, na ikitokea, osha kwa maji mengi hapo hapo kwa dakika zisizopungua 15 kabla ya kukimbilia hospitali ya Bugando.

Barakoa ya kitambaa, ambayo wengi wanajifariji nayo, haizuii vumbi jembamba la faiba na haizuii mvuke wa rezini. Kwa vumbi tafuta ya N95. Kwa mvuke inatakiwa yenye makopo ya mkaa.

"Boti ya faiba haizami"

Faiba ni nzito kuliko maji, inazama. Kinachoielesha boti iliyojaa maji ni povu gumu lililowekwa chini ya sakafu, na kwenye boti kuukuu povu hilo mara nyingi limeshakunywa maji. Kila lita ni kilo moja. Fungua sakafu, kata kipande, kikamue. Likitoa maji, ling'oe lote. Halikauki kwa jua.

Uzito huo uliojificha unakula nafasi ya abiria na mizigo. Feri ya MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake, kwa hiyo hakuna mtu wa kanda hii anayehitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo. TASAC, shirika la serikali linalosimamia mambo ya meli, ndio wanaokagua na kusajili vyombo. Waite waione boti yako kabla hujapakia mtu, hata kama ni ya familia.

"Mashine imechoka, ndiyo maana haikimbii"

Huenda. Lakini ziwa letu liko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Mashine isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake ikilinganishwa na Dar es Salaam. Ikija na propela iliyochaguliwa kwa ajili ya pwani, itashindwa kufika mizunguko yake ya juu na utaambiwa inahitaji kufunguliwa. Kabla ya kuifungua, soma namba mbili zilizochongwa kwenye propela. Ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Kupunguza inchi moja kwenye hiyo ya pili huongeza mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika, na propela ni rahisi kuliko kufungua mashine.